Re: Taichi ya mikao 37 au 108?

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu wako wa taichi (sanaa ya mapigano ya Kichina yenye miondoko ya polepole) anafundisha mikao 37 na si 108, kana kwamba kakuficha mingine; hajakuficha kitu. Hiyo ya 37 ni ya Cheng Man-ch'ing (1902–1975), mwanafunzi wa bingwa wa taichi Yang Chengfu. Mtindo wa huyo Yang, ndio wa mikao 108, una marudio mengi; Cheng, yeye akayapunguza ili hata mtu mwenye shughuli zake aumudu. Alikuwa pia tabibu, mchoraji, mshairi na fundi wa maandishi ya brashi, ndiyo maana akaitwa bingwa wa fani tano. Mwaka 1964 alihamia New York, akafundisha hata mahipi (nywele hadi mabegani!).

Mtazame mwalimu wako mkononi: kiwiko kimeshuka, kifundo kimenyooka bila kukunjwa, vidole vimelegea. Wenyewe huuita mkono wa binti mrembo. Ukiuona huo, ni shule ya Cheng.