Gari inachemsha kwenye foleni tu
Kaka, kama ulivyosema inachemsha ukiwa kwenye foleni ila ukishika kasi mshale wa temperecha unashuka, mi ningeanza na feni kabla hujanunua rejeta mpya (ile inayopoza maji ya injini), maana ukiwa kasi upepo wenyewe unapoza rejeta ila ukisimama feni ndo inabeba kazi yote. Washa gari ikiwa imesimama, iache ipate moto, mshale ukivuka katikati na feni imetulia tu basi cheki fyuzi, rilei (kile kiswichi kinachopeleka umeme kwenye feni) na swichi ya temperecha (kama feni yako inazungushwa na injini angalia mkanda umelegea). Feni ikiwa poa, gusa taratibu mpira wa juu na wa chini wa rejeta, wa juu unaunguza wa chini wa baridi ujue themostati (ile vali inayoruhusu maji yapite kwenda kwenye rejeta) haifunguki au rejeta imeziba. Na tafadhali sana usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, yale maji yanaruka usoni yanababua vibaya. Ikishapoa chomoa stiki ya oili, ukikuta oili imekuwa nyeupe nyeupe kama maziwa basi maji yameingia, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, usiiendeshe tena mpaka fundi aifungue.