Majibu ya Maabara ya Kaka Yananihusu na Mimi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kaka yangu, mwenye umri wa miaka 44, aliondolewa uvimbe wa utumbo mpana upande wa kulia miezi miwili iliyopita. Majibu yanasema uvimbe umevuka tabaka la misuli na kufika kwenye mafuta yanayouzunguka utumbo, tezi za limfu 16 zilizokaguliwa hazina saratani, jeni ya KRAS imebadilika, na protini za MLH1 na PMS2 hazionekani. Jamaa wanasema jeni ikishabadilika hakuna matumaini. Mama yetu alifariki kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 49. Je, ya kaka itarudi? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Majibu uliyoyanakili nimeyasoma mara mbili, kwa sababu yana habari njema ambayo inaonekana hamkuelezwa, na yana jambo linalokugusa wewe mwenyewe.

Mpaka leo, hakuna kiashiria cha jeni kinachochukua nafasi ya mambo mawili: uvimbe umepenya hadi wapi, na tezi zina saratani au hazina. Tezi zikikaguliwa 12 au zaidi, jibu la kuwa ni safi huaminika. Za kaka ni 16. Ulizeni pia kuhusu ukingo wa uvimbe. Hapo, chini ya hadubini, huweza kuonekana seli zilizoachana na wenzake, moja moja au vikundi visivyozidi seli nne, baada ya kupoteza E-kadherini, protini inayozishikanisha. Vikundi hivyo vikiwa vingi, hatari ya ugonjwa kusambaa huongezeka.

KRAS iliyowatisha jamaa hubadilika katika takriban saratani 4 kati ya kila 10 za utumbo mpana. Protini yake ni kama swichi inayoiamuru seli igawanyike, na jeni ikibadilika swichi hubaki imewashwa. Kipimo hiki kina kazi hasa pale ugonjwa uliposambaa, kwa sababu dawa za cetuximab na panitumumab huziba kipokezi kilicho juu ya seli, ilhali amri inatoka ndani, kwenye swichi yenyewe. Hivyo hazimsaidii mgonjwa wa namna hii. Kaka hajafika huko, kwa hiyo mstari huo msiulilie.

Mstari wa MLH1 na PMS2 ndio wenye uzito. Protini hizi mbili hufanya kazi pamoja kurekebisha makosa yanayotokea seli inaponakili vinasaba vyake, na MLH1 ikikosekana, PMS2 nayo huoza. Katika kipimo, viini vya seli zenye protini hugeuka kahawia. Vya uvimbe wa kaka vilibaki buluu, huku seli za kinga zilizo kando yake zikiwa kahawia kama kawaida. Uvimbe wa aina hii hujaa makosa, na kinga ya mwili huyatambua. Ndiyo maana, tezi zikiwa safi, hurudi mara chache kuliko uvimbe mwingine wa hatua hiyohiyo, na dawa ya saratani iitwayo fluorouracil ikitolewa peke yake haiongezi faida. Kabla ya kuanza dripu yoyote, mkumbusheni daktari wake jibu hili.

Sasa ni zamu yako. Mara nyingi MLH1 hupotea kwa mgonjwa mzee bila urithi wowote, na jeni ya BRAF iliyobadilika huwa dalili ya hilo; lakini BRAF na KRAS ni nadra kubadilika pamoja, na kwa kuwa KRAS ya kaka imebadilika, huenda BRAF yake ni nzima. Nikiweka hapo umri wa kaka na ugonjwa wa mama, nashuku sana kuwa ni tatizo la kurithi liitwalo sindromu ya Lynch, linaloongeza hatari ya saratani za utumbo mpana na mji wa mimba, ambalo mzazi humpitishia kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kaka apimwe damu kwanza. Ikithibitika kwake, wewe na ndugu zako mpimwe jeni hiyohiyo, na atakayekutwa nayo aangaliwe utumbo kwa kolonoskopi (kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa) kila mwaka mmoja hadi miwili. Kwa mwanamke, mji wa mimba nao ufuatiliwe; ukitokwa damu isiyo ya kawaida usisubiri.

Mkienda hospitali, ombeni kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta kitunzwe, na namba yake muiandike kwenye faili la kaka, kwani vipimo vya ziada vitafanyika kutoka hapo bila kumkata tena.