Muvi za anga za juu zinanitia usingizi

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mtu wa muvi, hasa za mapigano. Jamaa ninayekaa naye kaniletea 2001: A Space Odyssey, eti ndiyo baba lao. Zaidi ya dakika 20 za mwanzo hakuna aliyetamka neno, sehemu kubwa ni manyani tu. Baadaye mwanaanga anatoka nje ya chombo, nasikia anahema, anahema, anahema. Nikapeleka mbele. Tatizo ni mimi, au hawa watu hawajui kukata picha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Tatizo si wewe, ila umepeleka mbele mahali pabaya.

Anayetoka mara ya kwanza ni Bowman, anakwenda kuchomoa kifaa kwenye antena. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, hakuweka muziki wala mngurumo wa injini, kwa kuwa huko nje hakuna hewa ya kupitisha sauti. Unachosikia ni pumzi ya mtu ndani ya kofia yake. Inachosha, nakubali. Sasa subiri mwenzake, Poole, atoke kukirudisha kifaa kile kile. Pumzi ni ile ile, sikio lako limeshaizoea, na nyuma yake kile kichombo alichotoka nacho kinageuka taratibu, mikono yake ya chuma imenyooshwa. Mara, kimya. Hakuna yowe, hakuna mlio wa kitu kukatika. Unamwona tu akibiringika gizani, anahangaika na mpira wake wa hewa. Wewe uliyeruka kuhema kwa Bowman, hapo umeona mtu anazunguka, basi.

Wala Kubrick hakujiona hagusiki. Filamu ilipozinduliwa Aprili 1968 baadhi ya watu walinyanyuka wakaondoka, naye akaipunguza kama dakika 19. Hiyo uliyoletewa ndiyo iliyopunguzwa!

Wapo waliozidisha. Andrei Tarkovsky, kwenye Solaris ya 1972, anatupakia garini karibu dakika tano katika barabara za Tokyo: mahandaki, madaraja, taa za magari, na safari yenyewe ya anga bado. Ukiikata nusu, sioni kinachopungua mbele ya safari. Wapenzi wake wataniandikia barua za matusi, lakini mimi hapo huwa nakwenda kubandika chai.

Hiyo ya Kubrick irudie usiku, uvae hedifoni, simu iwe mbali. Ndani yake mna hata mapumziko, pale kompyuta HAL inapomaliza kuwasoma midomo wale wanaanga wawili. Nyoosha miguu hapo, si kabla. Ikikushinda tena, tafuta Gravity ya Alfonso Cuarón, ya 2013. Ni dakika 91 tu, na humo vituo vya anga vinasambaratika bila mlio, muziki peke yake. Na huyo jamaa yako mwambie mgeni hapokewi kwa baba lao siku ya kwanza.