Barua kwa Mwanangu: Fao la NSSF au Kazi ya Jioni Paje

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako niliupata jana baada ya Alasiri, nikamsomea na baba yako, naye akasema nikujibu mimi kwa kuwa hesabu za nyumba hii ziko mikononi mwangu. Umeuliza kwamba, kwa vile kampuni ya Dar es Salaam imepunguza wafanyakazi nawe umekuwa miongoni mwao, na chuo kimekupokea Tunguu kuanzia Novemba, je, uombe fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii uliokuwa ukichangia kazini, usome kwa utulivu, au ukubali kazi ya mapokezi ya jioni katika hoteli ya Paje? Mwishoni, kwa maneno machache kama ya mtu anayeona haya, umeuliza pia kama huwezi kuchukua vyote viwili, kwa kuwa mwajiri wa Unguja huchangia ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na NSSF haitajua.

Nianze na hilo la mwisho. Fao lile haliangalii unachangia mfuko gani, bali sharti lake ni kwamba mwanachama awe hajapata ajira nyingine. Ukiomba, unasema huna kazi. Na ukisema hivyo asubuhi, kisha jioni ukavaa sare ya hoteli, umesema uongo, hata kama mifuko hiyo miwili imetenganishwa na bahari.

Sasa fao lenyewe. Lilikuja na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaliyoliondoa lile fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi, ambalo mjomba wako analililia hadi leo. Mwanachama anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 18, nawe unayo 26. Awe hakuacha kazi kwa hiari yake, nawe unayo barua ya kupunguzwa. Malipo yake ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mshahara wako wa shilingi 600,000, ni shilingi 199,800 kwa mwezi. Hoteli inakuahidi 250,000. Kwa hiyo tofauti unayoiuzia jioni zako zote ni shilingi 50,200, na hapo bado hatujatoa nauli.

Nauli ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kwenda ni rahisi, kwa sababu daladala za Paje zinapita Tunguu, lakini zamu yako inamalizika saa nne usiku, wakati ambapo hutapata gari ya abiria ya kukurudisha kwa shangazi yako. Utakodi teksi au bodaboda kupita msitu wa Jozani usiku, wewe mtoto wa kike peke yako, na sidhani kama zile 50,200 zitamaliza hata wiki mbili.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisomea ualimu mjini, nilishika daftari la duka moja la vitambaa Darajani kila jioni. Mwenye duka alinipokea kwa saa tatu, zikawa nne, na kila nilipokaribia mitihani ndipo shehena ilipoingia. Nilirudia somo la hesabu, mimi niliyekuwa nikihesabu kutwa! Sikujuta kufanya kazi, ila nilijuta kuifanya katika muhula wa kwanza, kabla sijajua masomo yenyewe yana uzito gani.

Rai yangu ni kwamba uchukue fao, wala usilione kuwa ni sadaka, kwa sababu ni haki iliyotokana na michango yako na ya mwajiri wako. Najua miezi hiyo sita haitaongeza kitu katika michango yako ya uzeeni, lakini una miaka 27 na muda wa kuifidia upo.

Lipo jambo moja ambalo hukulitaja. Malipo yakianza Novemba yatakwisha Aprili, katikati ya masika, wakati hoteli nyingi za pwani zinafunga au zinapunguza watu. Hapo hutakuwa na fao wala kazi ya kutafuta. Kwa hiyo kila mwezi weka kando shilingi 50,000, upate 300,000 za kukuvusha Mei na Juni, kwani chakula na malazi ni vya shangazi yako, na ada ya mwaka huu tumekwishaipanga kutoka kwenye karafuu. Wageni wakirudi Julai nawe ukiwa likizo, nenda Paje ukafanye zamu ya mchana. Meneja mjibu sasa hivi, kwa adabu, umuulize kama nafasi ya msimu huo itakuwepo, usimwache akisubiri.

Barua ya kupunguzwa usiikabidhi popote kabla hujatoa nakala mbili, na moja niletee ukija Ijumaa, niiweke kwenye sanduku la vyeti.

Mama yako