Aende bosi ama fundi? Mimi nilienda drupa bila fundi, acha niwaambie

Ndugu yangu wa Mbale, swali lako nimelisoma mara mbili. Una kiwanda kidogo cha kuchapa, pesa uliyoweka inatosha mtu mmoja tu kwenda maonyesho ya mashine huko nje, sasa unauliza uende wewe mwenye mali ama umtume fundi anayeshika mashine kila siku. Wengi wamekujibu uende mwenyewe eti pesa ni yako. Mimi nasema mtume fundi, na nasema hivyo kwa sababu hilo kosa nimeshalifanya kwa pesa zangu mwenyewe.

Mimi mtu wa Arua, Kiswahili nimekulia nacho, niko Nasser Road, barabara ya wachapaji hapa Kampala, mwaka wa kumi na nne sasa. Kazi yetu mnaijua, kalenda, vitabu vya risiti, mitihani ya shule, kadi za harusi, na ikifika kampeni basi hulali, posta za wagombea zinakesha. Ndo maana mwaka 2024 nikasema lazima nipate mashine nyingine kabla ya uchaguzi wa 2026, nikafunga safari kwenda drupa, Düsseldorf, Ujerumani. Kwa ambao hawaijui, hayo ndo maonyesho makubwa kabisa ya watu wa uchapaji, yalianza 1951, na kawaida ni kila baada ya miaka minne, ila corona iliua ya 2020 kwa hiyo hii ya 2024 ilikuwa ya kwanza tangu 2016. Siku kumi na moja, 28 Mei hadi 7 Juni, kumbi 18, waonyeshaji 1,600 na zaidi. Banange, ule sio uwanja wa maonyesho, ule ni mji. Heidelberg, wale watengenezaji wa mashine za kuchapa, walikuwa ukumbi namba 1.

Viza nitapita haraka. Usimpe broka pesa. Kuna mmoja alinila laki sita eti ana mtu wake ndani, mpaka leo simu haishiki. Omba mwenyewe, mlango unafunguka miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, lakini ukingoja hizo siku 15 utalia maana ubalozi ukitaka unaweza kukaa na faili lako hadi siku 45. Ada nililipa yuro 80, tangu Juni hiyo hiyo imekuwa 90. Bima ya safari lazima ifike yuro 30,000, barua ya mwaliko, karatasi za URSB za usajili wa biashara na za URA za kodi, stetimenti ya benki isiyo na pesa iliyoruka ghafla juzi kutoka kwa shemeji, maana hiyo wanaiona. Na kama ni fundi anaenda, mwandikie barua kwamba ni mfanyakazi wako, unamlipa, na kazi inamsubiri, hiyo ndo inamrudisha nyumbani kwenye macho yao.

Kulala usitafute ndani ya Düsseldorf, wakati wa maonyesho bei zinapanda wazimu. Nililala Duisburg, treni robo saa hivi, halafu unashika treni ya mjini, U78, hadi mlangoni. Jua linazama karibu saa nne usiku kwa hiyo usidanganyike ukadhani bado mapema, mimi siku ya kwanza nimetoka kutafuta chakula naona mwanga bado nikakuta maduka yanafungwa. Jumapili ndo kabisa, nilikula mkate na ndizi.

Sasa tuje kwenye kilichonifundisha. Kitu pekee cha akili nilichobeba kutoka Kampala ilikuwa rimu moja ya karatasi ya bondi ya gramu 60, ile yetu nyepesi ya mitihani na risiti, na hata hiyo sio mimi niliyefikiria, ni fundi wangu, mzee mmoja wa kwetu Arua, ameshika GTO, ile mashine ndogo ya ofseti ya Heidelberg, tangu mimi niko primari. Aliniambia "kijana wangu, huko watakuonyesha mashine inakula karatasi ya bwana harusi, wewe wape karatasi yetu tuone." Nikaona ni utani ila nikaiweka kwenye begi.

Siku ya pili nikafika kwenye banda moja la mashine za dijito, sitawataja, mashine imenivutia kweli, haitaki pleti, yaani lile bati la kuchapia, unatuma faili kutoka kompyuta kazi inatoka, nikaanza kupiga hesabu ya posta kichwani. Nikakumbuka rimu. Kijana wao akaishika karatasi akainua kwenye taa, akauliza hii ni ya nini, nikamwambia hii ndo kazi yetu asilimia kubwa. Akaita mwenzake, wakaongea Kijerumani, wakaweka karatasi hamsini hivi. Za kwanza nne zimetoka safi. Zilizofuata zikaanza kujikunja kwenye ncha, zinaviringika kama chapati ya rolex, halafu ghafla mlio, taa nyekundu, kimya. Akafungua kava akavuta karatasi imekunjamana kama shati lililotoka kwenye ndoo. Akanipa tabasamu akasema kwa gramu 80 na kuendelea hakuna shida. Na hapo kumbuka tuko ndani ya ukumbi wenye AC, hewa imepimwa, umeme haukatiki. Mimi duka langu liko chini ya ngazi, vumbi la barabara linaingia lote, mvua ikinyesha karatasi inalegea hata kabla hujaifungua. Ile karatasi mbovu niliomba nibaki nayo, iko ofisini ukutani, mteja akiniuliza kwa nini sina dijito namwonyesha.

Basi ile ilinitoa usingizini. Nikampigia fundi WhatsApp, Ujerumani wakati huo iko nyuma yetu saa moja tu kwa hiyo haikuwa shida, na kuanzia hapo siku zilizobaki mimi nikawa mguu na simu tu, yeye ndo jicho. Mimi ningeuliza bei na spidi, yeye anauliza rola za maji zinabadilishwaje, blanketi, ule mpira unaopeleka wino kwenye karatasi, ni saizi gani, spea hii inapatikana Nairobi ama lazima ije na ndege. Wale wauzaji wa suti wakawa hawana majibu wanaita mainjinia wa nyuma, na injinia akishafika maongezi yanakuwa matamu hata bila lugha. Mzee alimwonyesha mmoja kwa mikono kwenye video jinsi sisi tunavyobana rola iliyolegea, yule Mjerumani akacheka mpaka akaita wenzake.

Baada ya maonyesho nikaenda kuona mashine za mitumba kwenye ghala la dalali mmoja, kusema kweli wengi wetu Nasser Road ndo tunaishia hapo, mpya ni za kupigia picha. Kulikuwa na Heidelberg Speedmaster 52 ya rangi mbili, imepakwa rangi inang'aa, kaunta ya karatasi ilizochapa inasoma milioni 28. Mimi ningelipa hapo hapo wallahi. Mzee kwenye simu akasema sogeza kamera kwenye gripa, vile vidole vya chuma vinavyoshika karatasi, karibu zaidi, washa tochi, hapana sio hapo, zile za kwenye silinda. Kimya. Halafu, "hizo gripa zimelika, hiyo kaunta ni ya uongo ama imebadilishwa, uliza ile chafu ya pembeni." Ile chafu ya pembeni ina mafuta kila mahali, kaunta milioni 41, ya bei ya chini. Akaniambia igeuze kwa mkono, sikiliza. Mimi sikusikia kitu, yeye kwenye simu akasikia, akasema hiyo chukua.

Ndo iko dukani mpaka sasa. Ilichelewa kufika maana mwaka huo meli zilikuwa zinazunguka chini Afrika Kusini kukwepa vurugu za Bahari ya Shamu, na kodi ya URA unalipa mzigo ukiwa bado Mombasa kabla haujapanda lori kuja Malaba, kwa hiyo hiyo pesa iwe tayari, usiihesabu kwenye pesa ya mashine.

Kitu kingine, kwenye foleni ya soseji nilisikia Kiswahili nyuma yangu, Mkenya mmoja wa River Road, Nairobi, naye anachapa. Namba ya fundi wa bodi za umeme aliyonipa imenisaidia kuliko makaratasi yote ya matangazo niliyobeba, kilo kama tisa, uwanja wa ndege nikazitupa. Hayo maongezi ya foleni bosi anaweza kuyafanya, nakubali. Lakini fundi naye ana mdomo.

Sasa drupa inayofuata ni 2028. Kama huwezi kungoja kuna Gulf Print & Pack kule Dubai, ni ndogo lakini safari ni fupi na mitumba utaulizia huko huko. Vyovyote, wewe baki Mbale na simu yenye bando, ulipe ukiambiwa lipa. Fundi mpe rimu mbili za karatasi yenu mbaya kuliko zote, tochi, na paketi ya kazi zilizoharibika ili aonyeshe tatizo badala ya kulieleza. Na aende na viatu alivyokwisha kuvizoea. Mimi nilinunua vipya soko la Owino nikaona nipendeze, siku ya tatu nimetembea kumbi za watu na ndala.