Ya kuslaidi au ya bawaba? Changanya

Ndugu, nimekuelewa: kuta zinapanda, fundi anataka jibu, na wewe umekwama kati ya madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi na ya mbao yenye bawaba.

Mimi ningechanganya. La kuslaidi la vioo viwili hufunguka nusu tu, hata ulisukume vipi. Sebuleni si neno, lakini chumba chenye joto kiwekee la bawaba, linalofunguka lote. Kwangu niliweka ya kuslaidi kila mahali. Mvua ya upepo ilipokuja, reli ya chini ikajaa maji hadi yakamwagika ndani. Kumbe vitundu vya kutolea maji vilizibwa na mchanga wa plasta. Vikague kabla hujamalizia malipo. Mbao inapendeza (naipenda hadi leo), ila ukiisahau bila rangi huvimba na kugoma kufunga.

Vipimo vichukuliwe ukutani, si kwenye ramani. Ukiweka grili, kila chumba cha kulala kiwe na moja inayoweza kufunguliwa na aliye ndani. Moto ukizuka mtatokea wapi?

Ukitaka kupanua dirisha kuliko lilivyochorwa, usimsikilize fundi peke yake. Muulize mhandisi kwanza kuhusu lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha.