Asilimia 30 na jamvi la karafuu

Vuli moja, miaka michache iliyopita, niliziharibu karafuu za ami yangu huko Mtambwe, Pemba, kwa sababu nilisoma utabiri wa hali ya hewa kama mtu anayesoma ratiba ya boti. Simu ilionesha kuwa uwezekano wa mvua siku ile ulikuwa asilimia 30. Ami akaniuliza: "Mwanangu, itanyesha au hainyeshi?" Nikamjibu kwa kujiamini kuwa hainyeshi. Tukaziacha karafuu juu ya majamvi, zikiwa katika siku yake ya pili juani, tukaenda kuchuma upande wa pili wa shamba. Saa tisa alasiri mvua ya radi ilishuka kwa muda usiofika saa moja, na tuliporudi tulizikuta karafuu zinaelea. Siku tatu zilizofuata jua lilikuwa hafifu, zikavunda na kupauka, zikawa mpeta. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Wete mjini, ng'ambo tu ya maji, halikudondoka hata tone.

Niliulaumu utabiri kwa muda mrefu, ilhali ulikuwa umesema kweli. Asilimia 30 ina maana kwamba katika siku 10 zenye hali kama ile, takriban siku 3 hunyesha mahali hapo, nami nilikuwa nimeigeuza kuwa "hapana" kwa sababu ami alitaka jibu la neno moja. Wingu la radi laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na aghalabu huzaliwa na kufa ndani ya saa moja, wakati programu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa ya dunia nzima, hata zile bora kabisa za Ulaya, huigawa dunia katika miraba ya kilomita 9 hivi. Kisiwa chetu chote kina urefu usiozidi kilomita 70. Kwa hiyo watabiri huirudia hesabu ileile mara nyingi, mara 50 kwa kituo cha Ulaya chenye programu hizo, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kisha hutazama ni mara ngapi mvua imetokea. Ikitokea mara 15 kati ya 50, hapo ndipo inapopatikana 30 yetu, ingawa kwa kweli huirekebisha kidogo kabla ya kuitoa.

Wenzetu wa Marekani wana mtihani mkubwa zaidi, kwani mvua zao za radi za machipuo na kiangazi huweza kuzaa tornado, yaani chamchela chenye nguvu ya kubomoa mtaa mzima. Kituo cha utabiri wa dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma, hutangaza uwezekano wa tornado kutokea ndani ya kilomita 40 hivi kutoka mahali fulani, na huko asilimia 10 tu ni jambo zito, kwa kuwa siku ya kawaida uwezekano huo haufiki hata asilimia 1. Joto, unyevu na upepo unaobadilika mwelekeo kadiri unavyopanda juu vyote vyaweza kuwapo, na bado wingu moja likazaa tornado huku jirani yake likapita kimya. Onyo la mwisho kabisa huwapa watu kama dakika 10 za kukimbilia chini ya ardhi, na zaidi ya nusu ya maonyo hayo huisha bila tornado. Wenye busara hushuka vilevile.

Ushauri wangu kwa anayeanika chochote ni huu: usiulize kama itanyesha, uliza utapoteza nini ikinyesha na itakugharimu nini kujikinga. Kuanua majamvi sita ni jasho la nusu saa, na kupata mpeta ni kupoteza kazi ya wiki nzima, kwa hiyo mimi huanua hata kwa asilimia 20 ikiwa sitakuwapo nyumbani. Anayefua nguo zake mbili ana haki ya kusubiri mpaka 60. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nazo huwa na mistari miwili ambayo wengi huipita, mmoja wa uwezekano wa kutokea na mwingine wa kiwango cha athari. Isome mbalimbali, maana uwezekano mdogo wenye athari kubwa si habari ya kupuuza, hasa kwa mwenye ngalawa. Kimbunga Jobo kilipofifia mwezi wa Aprili 2021 kabla ya kutudhuru, wengi walisema tumedanganywa. Mwezi wa Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia kweli.

Jambo jingine dogo: utabiri wa jana usiukalie. Utazame tena asubuhi, kisha adhuhuri nyanyua macho, na ukiona wingu linarefuka kwenda juu kama mnara, usingoje simu ikwambie.

Msimu uliopita ami alinipigia simu alfajiri, akauliza, "Leo ngapi?" Nikamwambia 20. Akanyamaza kidogo, nikasikia mlango wa uani ukifunguliwa.

"Basi naanika," akasema, "lakini shamba la mbali siendi."